Biringanya na tango: sehemu lilikolimwa inabadilisha virutubisho, au tunauziwa maneno?

Mtoto wa Keko
Wakuu, salaam. Nilikuwa soko la Temeke Sterio kuchukua mboga za wiki. Mama ninayenunua kwake kila mara alikuwa na mafungu mawili ya biringanya, ukubwa uleule, rangi ileile. Moja bei ya kawaida, la pili limezidi karibu nusu. Namuuliza kulikoni, ananijibu: "Hizo za Lushoto, udongo wa mlimani, zina madini. Hizi za Mkuranga, mchanga mtupu, utakula maji." Kwenye matango wimbo ukawa uleule.

Nikachukua za Lushoto, lakini toka nifike nyumbani najiuliza. Hivi biringanya la mlimani na la Pwani kweli yanatofautiana ndani? Vitamini, madini, nyuzinyuzi? Mwenye ujuzi anifungue macho. Naomba kuwasilisha.

Ngoja Ngoja
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa siti ya dirishani.

Mbishi Namba Moja
Mtu jioni ni chipsi mayai, asubuhi maandazi, halafu anaulizia madini ya tango. Dar hii ina mambo.

Msambaa Orijino
Mtoto wa Keko, pole mkuu. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto. Kwetu juu ni kabichi, karoti, hoho, viazi, maharage na matunda ya baridi. Biringanya na tango ni mazao ya joto. Ukilipanda kule juu mwezi wa sita, baridi ya usiku inalidumaza, maua yanapukutika, unabaki na majani. Kama mzigo huo umetoka Tanga kweli, basi ni wa bondeni, Mombo au Korogwe. Umeuziwa jina la mlima.

Dereva wa Fuso
Msambaa kamaliza. Hiyo barabara ni yangu. Unaanza na kabichi mlimani, ukifika Mombo unajaziwa, Segera unajaziwa, Chalinze kuna mtu kakaa barabarani na viroba vya matango kutoka Ruvu. Alfajiri unashusha, dalali anauliza bei na kama mzigo umeungua, haulizi udongo. Nimeshuhudia matango ya Ruvu yakiitwa ya Lushoto kabla sijamaliza kufungua turubai.

Bwana Shamba Mstaafu
Vijana, habari zenu. Mama wa Sterio kaongopa juu ya mahali, ila hoja yake msiitupe yote.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Tango ni maji kwa asilimia 95 au zaidi kidogo, biringanya kama 92. Sasa piga hesabu: kilo ya tango lenye maji asilimia 95 inabakiza gramu 50 za kila kitu kingine, sukari, nyuzinyuzi, madini, vitamini, vyote humo. Likinyweshwa sana mpaka maji yafike 96, zinabaki gramu 40. Umepoteza moja ya tano ya chakula chenyewe, na kwa macho tango limependeza zaidi. Kwa hiyo "utakula maji" si tusi, ni hesabu. Lakini hiyo ni kazi ya mkulima na mpira wake wa maji kabla haijawa kazi ya mkoa.

Pili, tenganisheni madini na vitamini. Mmea haujitengenezei potasiamu wala zinki, unavichota ardhini. Vitamini C inatengenezwa na mmea wenyewe, inafuata jua, mbegu na muda tangu kuvunwa. Udongo wa volkano kama wa Meru na Kilimanjaro kwa kawaida una potasiamu nyingi. Mchanga wa Pwani unapitisha maji haraka na mbolea inaondoka nayo. Kisha kuna uchachu na umagadi wa udongo. Penye magadi, zinki na chuma vinaweza kuwemo tele na mmea usivipate.

Mtoto wa Keko
Ahsante mzee wangu, hiyo hesabu ya 50 na 40 imenishtua. Kwa hiyo nikilipa zaidi nilipie nini hasa?

Mbishi Namba Moja
Lipia nyama.

Lishe Kwanza
Nafanya kazi za lishe, niongeze tarakimu ili tusielee. Katika jedwali za vyakula, gramu 100 za biringanya bichi zina kama kalori 25, nyuzinyuzi gramu 3, potasiamu miligramu 230 hivi, na chuma kidogo mno, kama miligramu 0.2. Tango lenye ganda lina kalori kama 15 na potasiamu kama miligramu 150. Wale wanaosema biringanya linaongeza damu waangalie hiyo 0.2. Hata udongo ungeizidisha mara mbili, bado mchicha unaliacha mbali.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: jedwali la vyakula la Tanzania tunalotumia maofisini ni la 2008, na tarakimu nyingi humo zilikopwa kutoka majedwali ya nje. Kenya walitoa lao 2018. Kwa vyovyote, biringanya kwenye jedwali ni moja tu. Hakuna mstari wa Mkuranga na mstari wa Mombo. Ninapomwandikia mgonjwa chakula natumia wastani, na wastani huo huenda umetoka kwenye shamba la Marekani.

Msomi wa Usiku
Lishe Kwanza, hapo ndipo penye uhondo. Eneo lina nguvu kweli kweli kwenye baadhi ya madini, na mfano mkubwa ni seleniamu, madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana. Finland udongo wao ulikuwa na seleniamu kidogo, wakaamua mwaka 1984 iongezwe kwenye mbolea nchi nzima, na kiwango kwenye vyakula na kwenye damu za watu kikapanda. China kuna ukanda ulioumwa ugonjwa wa moyo wa Keshan kwa sababu udongo una madini hayo kidogo mno. Karibu na sisi, Malawi, mahindi ya udongo mweusi wa bonde la Shire yana seleniamu nyingi kuliko ya udongo wenye uchachu wa maeneo mengine. Mwaka 2021 ukachapishwa utafiti mkubwa wa nafaka za Ethiopia na Malawi, na ulionyesha hivyo hivyo: unakoishi kunaamua unachopata.

Kwa hiyo anayesema "mboga ni mboga" hajui anachosema.

Mbishi Namba Moja
Hiyo ni nafaka. Mada ni biringanya. Nani kwenu anashiba biringanya?

Lishe Kwanza
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Mbishi. Mtu mzima anahitaji seleniamu mikrogramu 55 kwa siku, na gramu 100 za biringanya zina chini ya mikrogramu moja. Izidishe mara tano, bado ni tone. Eneo linamuumiza anayekula ugali wa shamba lake asubuhi na jioni. Sisi wa Dar unga unatoka Iringa, mchele Mbeya, samaki Mwanza, tumeshachanganya udongo wa nchi nzima kwenye sahani moja.

Mla Ndizi
Sisi wa Arumeru mngetuuliza kwanza. Huo "udongo wa volkano una madini" tunaujua kwa meno yetu. Maji yana floraidi, ile inayotia meno madoa, kupita miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na WHO, na kuna chemchemi zinazozidi hapo mara nyingi. Nikicheka picha ya harusi inaharibika. Mashamba tunamwagilia maji hayohayo. Kwa hiyo mtu akiniambia "hili lina madini" namuuliza, madini gani?

Bwana Shamba Mstaafu
Mla Ndizi, swali lako ndilo sahihi. Nikupoze kidogo tu: floraidi hukaa zaidi kwenye majani kuliko kwenye tunda. Mchicha ulionyweshwa maji ya Meru ungenitia wasiwasi kabla ya biringanya lake. Na maji ya kunywa na kupikia yanashinda vyote hivyo.

Bint Makunduchi
Asalaam alaykum. Huku kwetu ni maweni, shamba unalima kwenye mifuko ya udongo katikati ya mawe ya matumbawe. Mbilingani zinaota lakini majani machanga yanakuwa manjano, mishipa tu ndiyo kijani. Bwana shamba wetu alituambia ni chuma, mmea unashindwa kukichukua kwa sababu ya chokaa ya mawe. Tukiweka samadi nyingi linapona. Tunda lake ni dogo na gumu kidogo, lakini ukilipika na nazi utamu wake hulipati kwa hayo mapana ya kutoka bara, ambayo yakiiva yanakuwa kama sifongo. Sasa je, hilo langu lina kidogo kwa sababu ya chuma, au lina zaidi kwa sababu halina maji?

Ngoja Ngoja
Swali hilo limevunja kikao. Nasogea siti ya mbele.

Wa Barka
Bint Makunduchi, wa alaykum salaam. Mimi niko Oman, pwani ya Batinah, familia yetu ina asili ya Unguja. Hapa matango mengi ya biashara ni ya ndani ya nyumba za plastiki, yenye feni upande mmoja na pazia la maji upande wa pili, la sivyo kiangazi yanaiva mtini. Tatizo letu ni visima. Watu wamevuta maji mpaka bahari imeingia chini, na kisima cha karibu na pwani kinakuwa cha chumvi. Ukimwagilia maji hayo, tango linatoka fupi, gumu, na ladha imekolea, maana mmea hauwezi kunywa vizuri. Kwa hesabu ya Bwana Shamba, kwa kilo lina chakula zaidi. Kwa mkulima ni hasara tupu, kwa sababu kilo zenyewe hazipo.

Na mbilingani linaumia mapema zaidi. Jedwali za FAO zinasema mazao yake huanza kushuka chumvi ya udongo ikifika 1.1 kwa kipimo chao cha desisimensi kwa mita, tango linavumilia mpaka 2.5.

Mkamba wa Kibwezi
Wazee, hamjambo. Huku Kibwezi tunalima ravaya, zile biringanya ndogondogo, na karela, lile tunda chungu la jamii ya tango, za kwenda Uingereza. Mnaongea udongo udongo, hakuna aliyetaja umri. Broka anataka ravaya likiwa changa, ngozi inang'aa, ukilibonyeza kwa kidole linarudi. Likikaa wiki moja zaidi, mbegu zimekuwa za kahawia, limeanza uchungu na ngozi imefifia. Ni shamba moja, mti mmoja, maji yaleyale. Utaniambia hayo mawili yana virutubisho sawa? Na baada ya kuchuma linaingia friji, linapanda ndege. Hapo mchanga wa Makueni umebaki na kazi gani?

Dereva wa Fuso
Na ambalo halina friji? Mimi nabeba chini ya turubai, jua la Chalinze saa saba mchana gari limeharibika, ukipitisha mkono chini ya viroba unahisi mvuke. Hayo matango yanauzwa jioni hiyohiyo kwa maji ya kunyunyizia.

Lishe Kwanza
Hapo vitamini C kwaheri. Joto na muda vinaila kuliko tofauti yoyote ya mkoa. Na wenye friji nao wasijisifu sana, tango na biringanya vikikaa chini ya nyuzijoto 10 kwa siku kadhaa vinaungua kwa baridi, tango linatoka madoa ya maji, biringanya linakuwa na vishimo na mbegu kuwa nyeusi.

Mama Kachumbari
Nyie mnabishana udongo na mimi nacheka, maana nyote mnamenya. Ganda la tango ndilo lenye vitamini K, ukilimenya unabaki na chini ya nusu. Biringanya nalo, ule zambarau uko kwenye ngozi tu, na watu wanalimenya mpaka jeupe kama mkate halafu wanalizamisha kwenye mafuta. Mkoa gani tena?

Swali langu mimi ni uchungu. Nanunua matango kumi, mawili machungu upande wa mkiani, pale palipokuwa na kikonyo. Naambiwa ni ya Dodoma, ya ukame.

Bwana Shamba Mstaafu
Mama Kachumbari, huo uchungu ni kukurbitasini, mmea unajilinda nayo. Unazidi mmea ukipata taabu: joto, kiu, kunyweshwa leo na kusahauliwa kesho. Nao hukusanyika zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Dodoma, Mkuranga au Kibaha, popote pampu ilipokata mafuta utaupata. Kata kipande cha kikonyo, onja, ukikuta chungu usiendelee. Na kuna mbegu zilizozalishwa zisitoe uchungu huo kabisa.

Mbishi Namba Moja
Mzee amesema lenyewe bila kujua: MBEGU. Thread nzima mnatafuta mkoa, wakati jibu ni mbegu. Huyo Msomi anayependa tafiti atueleze ile ya Texas.

Msomi wa Usiku
Kumbe Mbishi unasoma. Ni kweli, mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas walilinganisha takwimu za serikali za mazao 43 ya bustani, za 1950 na za 1999. Protini, kalsiamu, fosforasi, chuma, riboflavini na vitamini C vilionekana kushuka. Maelezo waliyoyaona yana uzito zaidi ni mabadiliko ya mbegu: zilichaguliwa zizae sana na zikue haraka, virutubisho vikagawanywa kwenye tunda kubwa. Wapo waliowapinga kwamba vipimo vya 1950 na vya 1999 havilingani vizuri.

Kwa biringanya, kitu kinachosifiwa sana ndani ya nyama yake ni asidi ya klorojeniki, ambayo pia ndiyo inayolifanya ligeuke kahawia ukilikata. Kiwango chake kinatofautiana sana kati ya aina na aina, hata zikipandwa shamba moja. Ila jua nalo limo. Inueni kile kikofia cha kijani cha biringanya jeusi, chini yake mtaona pete nyeupe. Pale mwanga haukufika, rangi haikutengenezwa. Na mionzi mikali ya jua inaongezeka kama asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000.

Msambaa Orijino
Kwa hiyo mlima unarudi kwenye mchezo?

Bwana Shamba Mstaafu
Unarudi kwa jua, unatoka kwa baridi. Uliyasema mwenyewe.

Chumvi Kidogo
Samahani kuingilia. Mzee wangu anasafishwa figo, kwetu potasiamu ni suala la kufa na kupona. Nimesoma hapo juu kwamba udongo wa volkano una potasiamu nyingi, na tunaishi Moshi. Je, nimsimamishie biringanya?

Lishe Kwanza
Chumvi Kidogo, pole sana na Mungu amjalie mzee. Usisimamishe wala kuruhusu kwa kusoma huku, ongea na mtaalamu wa lishe wa hapo mnaposafishia, ana majibu ya damu yake. Kwa ujumla tango liko chini ya biringanya, na biringanya liko chini ya viazi, ndizi na parachichi. Wengi hulikata vipande vidogo, wakalichemsha kwenye maji mengi na kumwaga, sehemu ya potasiamu inaondoka na maji. Kipimo cha sahani kina nguvu kuliko tofauti ya Moshi na Pwani. Na wewe angalia mbolea zaidi ya volkano: biringanya la Kibaha lililomiminiwa mbolea ya potashi linaweza lisiachane na lako.

Chumvi Kidogo
Nashukuru dada, tutamuuliza Jumatatu.

Kijana wa Jangwani
Mmezungukia mikoa yote, mmeruka Dar yenyewe. Bustani za bonde la Msimbazi zinanyweshwa maji ambayo sitaki kuyaelezea watu wakiwa wanakula. Huko "madini" ni risasi na metali nzito nyingine zenye sumu. Mtu atuambie biringanya linanyonya au halinyonyi.

Msomi wa Usiku
Majani yananyonya zaidi, ila biringanya si malaika. Lina tabia ya kupandisha kadimiamu, mojawapo ya metali hizo, kutoka mizizini. Wajapani walilipandikiza juu ya shina la ndugu yake wa porini, Solanum torvum, na kadimiamu kwenye tunda ikapungua kwa zaidi ya nusu. Udongo uleule, tunda lilelile, mzizi ndio umebadilika.

Mla Ndizi
Basi hapo udongo, mbegu na jua vyote vimepigwa na mzizi. Tunaongeza nini tena?

Mama Kachumbari
Ongezeni ngogwe, zile nyanya chungu. Hizo ndizo zetu wenyewe, zimetoka Afrika, biringanya ni mgeni kutoka Asia. Ngogwe na dagaa wa Kigoma, halafu mtu aniletee habari za virutubisho.

Bint Makunduchi
Ngogwe chungu hizo ni dawa, si chakula.

Mama Kachumbari
Hujapikiwa tu mwanangu.

Mkamba wa Kibwezi
Nirudi kwa Bwana Shamba. Ile hesabu yako ya 50 na 40, mimi nimeanza kukata maji karibu na kuvuna. Ravaya linakuwa zito mkononi, broka anafurahi. Ila jirani anadai nazichosha ngozi, zitafifia kabla ya uwanja wa ndege.

Bwana Shamba Mstaafu
Punguza, usikate. Biringanya lina mizizi mirefu, litavumilia kiasi, lakini ukilibana sana ngozi inakufa mng'ao, jirani yako hajakosea. Na hilo usilijaribu kabisa kwenye tango, utamletea Mama Kachumbari uchungu.

Wa Barka
Mimi nabisha mzee. Hapa tunapunguza hata kwa tango, kwa matone, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na halitoki chungu.

Bwana Shamba Mstaafu
Hilo lako ni la mbegu isiyotoa uchungu, tena liko kivulini. Mpe mtu wa Mkuranga mwenye ndoo na mbegu ya tango iitwayo Ashley afanye hivyo, uje uonje.

Dereva wa Fuso
Akivuna anipigie, napita Alhamisi usiku na nafasi ipo.